Nusu ya Kumwaga

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na kabla ya saa saba tulishampokea mtelezaji wa kwanza, mama wa makamo aliyevunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Mrefu akapiga makofi mara moja, akasema, "Haya, msimu umefunguliwa rasmi!" Mrefu ni muuguzi mwenzangu katika wodi ya upasuaji. Wagonjwa ndio waliomwita hivyo, kwa sababu anabadilisha chupa za maji juu ya vitanda bila kupanda kigoda. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, na kwa miaka yote tisa hajawahi kufunga mdomo kwa dakika tano mfululizo.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika mafundisho ya Jumapili. Naliandikia jambo jingine. Nina jambo ambalo siwezi kulitamka, na nikizidi kulikalia litanipasua.

Tangu Ijumaa nimekabidhiwa funguo za kabati la ndani. Aliyekuwa nazo amestaafu, na Metroni hakuhitaji hata kufikiri. Alisema mbele ya wote, "Tutampa Mama Maombi, tulale usingizi." Mama Maombi ni mimi. Ndimi ninayeongoza maombi ya wafanyakazi kila Jumatano, na mtu akiwa na mgonjwa mahututi nyumbani kwake huja kwangu kwanza, kisha kwa daktari.

Katika kabati hilo la chuma mna dawa ya maumivu makali. Inakuja katika vichupa vidogo vya kioo, na kipimo cha mgonjwa mmoja mara nyingi ni nusu ya kichupa. Nusu inayobaki haihifadhiwi. Inamwagwa kwenye sinki mbele ya muuguzi wa pili, naye anatia sahihi daftarini kwamba ameiona ikimwagwa kwa macho yake.

Mwaka jana nilipasuliwa kuondolewa mawe ya nyongo, na kwa siku tatu nilichomwa dawa hiyo. Iliniondolea maumivu, na iliniondolea na kitu kingine ambacho nilidhani ni sehemu ya mwili wangu: wasiwasi. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni mwa mama. Simu ikilia naogopa, isipolia naogopa. Siku zile tatu sikuogopa kitu chochote duniani. Walipoisimamisha siku ya nne nililia, nikamwambia mume wangu kwamba ni kidonda.

Hakikuwa kidonda. Na sasa funguo ziko kiunoni mwangu.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua. Wawili wameteleza. Nilimwaga nusu mbili, Mrefu akatazama. Salama.

Alhamisi, 8 Oktoba

Leo tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda thelathini na vinne. Asubuhi nilimkuta Mrefu ameliinamia daftari la kabati, anatia sahihi kwenye nafasi zote za shahidi, kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Sahihi kumi na nane za mambo ambayo hayajatokea.

"Unafanya nini?"

"Nakuokolea muda, dada. Kila ukimwaga nusu uniite nije kutazama maji yakiingia kwenye tundu? Sina miguu hiyo."

"Utaratibu unasema uone."

"Utaratibu uliwekwa kwa ajili ya watu. Yule aliyestaafu nilikuwa namganda kama kupe. Lakini wewe! Malaika wakipungukiwa na wafanyakazi, watakuja kukuazima wewe." Akacheka, akaenda zake na kikapu cha bandeji.

Mgonjwa wa kwanza nilimchoma saa tano. Nikarudi chumba cha ndani na nusu iliyobaki ndani ya bomba la sindano. Mlango ulikuwa umejifunga wenyewe. Daftari limesema tayari kwamba dawa imemwagwa na kwamba kuna mtu aliyeona. Nilisimama mbele ya sinki kwa muda ambao sikuupima, kisha nikamwaga, nikaosha mikono kama mtu aliyeshika mzoga.

Nimeogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kupasuliwa. Kosa hili lisingefanywa kwa mlevi. Mlevi wangemchunga.

Jumapili, 11 Oktoba

Mchungaji amefundisha juu ya majaribu. Alisema Mkristo asimame kidete, asirudi nyuma hata hatua moja. Watu wakaitika amina, na mimi nikaitika kwa sauti kubwa kuwapita wote. Lakini sala ile tuliyofundishwa na Bwana mwenyewe haiombi tuyashinde majaribu. Inaomba tusipelekwe huko kabisa. Nimeisema tangu nikiwa na miaka minne na leo ndiyo mara ya kwanza nimeisikia.

Jumanne, 13 Oktoba

Amelazwa kinyozi kwenye kitanda cha sita. Ameteleza kwenye kizingiti cha duka lake, amevunjika nyonga. Umri wake miaka sabini na mmoja, na mdomo wake una mitatu. Ameuliza kama wauguzi wote ni wazuri hivi au ni dawa inayomdanganya. Mrefu akamjibu, "Dawa bado hujapewa, babu." Atahitaji sindano mara nne kwa siku, na daktari ameandika nusu kichupa.

Nusu nne kwa siku kutoka kwa mtu mmoja. Nimepiga hesabu hiyo kabla sijajizuia.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mvua usiku kucha na mchana kucha. Vitanda vimejaa, wawili wamelala sakafuni kwenye magodoro. Mrefu ametia sahihi ukurasa mwingine mzima. Nilimwambia, kwa mzaha ili asikasirike, "Mrefu, usiniamini hivyo, mimi pia ni binadamu." Akasema, "Basi nikuone siku moja umetenda dhambi, nifurahi kidogo." Nikacheka naye. Mzaha ndio mlango nilioutafuta, nao ukafungwa kwa mzaha.

Jumanne, 20 Oktoba

Kinyozi ameniambia leo nilipokuwa nambadilishia shuka: "Binti yangu, mkono wako unatetemeka. Nimenyoa watu miaka arobaini. Mkono unaotetemeka naujua, hata ukiwa wa mwenzangu."

Nikamwambia ni baridi. Akasema sawa, ni baridi, kisha akaanza kunisimulia habari zake kama vile sikumjibu.

"Mimi nilikuwa mlevi, lakini si wa kawaida. Nilimkata mteja sikio, bwana harusi, asubuhi ya harusi. Nikaokoka. Mchungaji wetu wa wakati ule akasema, nenda kapite mbele ya kilabu kila siku ukiimba, shetani aone umemshinda. Nikapita siku sita nikiimba. Ya saba nikaingia."

"Halafu?"

"Halafu nikabadilisha njia. Nilizunguka nyuma ya soko, dakika ishirini zaidi, kwenye tope, miaka kumi na tisa. Vijana wakanicheka, wakaniita mwoga. Si ndiyo wanasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio? Wao walicheka, mke wangu hakulia." Kisha akalalamika kwamba uji wetu ni maji ya kuoshea sufuria, na kwamba mto una mawe, na kwamba Mrefu ana mikono ya muuza mkaa.

Nilikwenda kukaa chooni nikalia. Mzee huyu hanijui, na amenijua.

Jumatano, 21 Oktoba

Niliongoza maombi ya wafanyakazi. Nilimwombea kila mtu kwa jina lake. Kwangu mwenyewe nilisema, "Na sisi sote, Bwana." Nikajificha ndani ya "sisi sote."

Ijumaa, 23 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Saa nane mchana nilimchoma kinyozi. Mrefu alikuwa chumba cha upasuaji, amepeleka mgonjwa. Niliingia chumba cha ndani na nusu yangu. Nimeandika "yangu," na sifuti. Nikaivisha sindano kifuniko, nikaitia katika mfuko wa sare yangu, nikatoka. Ilikuwa rahisi kama kuweka kalamu mfukoni. Sikusikia sauti yoyote ya kunikemea. Nilitarajia ningesikia.

Nilifanya kazi nayo saa tatu. Nilipima joto la wagonjwa, nilisaini fomu, nilimshika mkono mama aliyeambiwa mwanawe atakatwa kidole. Nilikuwa mpole kuliko siku zote, na hilo ndilo linalonitisha zaidi: nilikuwa muuguzi mzuri sana leo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikipapasa kila baada ya dakika mbili kuhakikisha kwamba bado kipo.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, nimelowa. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko uani, na jua lilikuwa halijazama. Nilimwambia naoga, nikajifungia bafuni. Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikaitoa. Nikakunja mkono wa nguo. Ninajua mishipa, ndiyo kazi yangu, nimewachoma watu elfu. Sikuwa na haraka. Nilisema moyoni, mara moja tu, nipumzike hofu hii jioni moja tu, Mungu mwenyewe ameumba dawa.

Mume wangu akagonga mlango. "Mama watoto, umezama? Nikuletee kamba?"

"Natoka."

"Utoke mzima, chai inapoa."

Alikuwa akicheka nje ya mlango. Mbao moja, kitasa kimoja, yeye upande ule anacheka na mimi upande huu na sindano. Nikabonyeza, dawa ikaingia kwenye tundu la maji, nikafungulia bomba hadi mwisho.

Halafu nikalia. Ninaomba Mungu anisamehe kwa jambo hili kuliko yote: sikulia kwa kutubu. Nililia kwa sababu niliimwaga.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimepumzika nyumbani. Mvua haikunyesha. Nimefua sare mara mbili.

Jumapili, 25 Oktoba

Baada ya ibada nilimngoja mchungaji ofisini kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nilisema, "Mchungaji, nina jaribu zito kazini. Naogopa nitaanguka."

Akatabasamu, akanishika bega. "Dada yangu, wewe? Shetani haupigi mawe mti usio na matunda. Wewe ni shujaa wa imani katika kanisa hili. Utashinda, na ukishinda utatushuhudia Jumapili moja, wanyonge wajifunze."

Nilijaribu tena. "Ni jambo baya, mchungaji. Ni dawa..." Akadhani nazungumzia uchovu wa kazi ya dawa. Akaniombea kwa nguvu, dakika kumi, mate yananirukia. Watu wawili walikuwa mlangoni wanamngoja. Nikasema amina.

Simlaumu. Nilimwonyesha nusu ya kidonda nikataka atibu kidonda kizima. Mama alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimemfichia hata daktari wa roho.

Jumanne, 27 Oktoba

Wameteleza wanne. Nilimwaga zote mbele ya Mrefu. Nilimvuta mkono mara nne. Mara ya nne akasema, "Sasa unaniudhi."

Jumatano, 28 Oktoba

Leo nilimwambia waziwazi, kwenye ubaraza, wakati tunakunja shuka: "Sitaki utie sahihi kabla. Siku nyingine nakuwa peke yangu mle ndani na naogopa."

"Unaogopa nini? Panya?"

"Najiogopa mimi."

Mrefu akacheka hadi akaegemea ukuta. "Mama Maombi, wewe una utakatifu wa kuumwa nao. Nenda kapumzike." Kabla ya jioni ukurasa mpya ulikuwa umejaa sahihi.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mume wangu ameniuliza kwa nini siimbi tena nikipika. Nikasema koo.

Jumatatu, 2 Novemba

Mto umeingia barabarani. Daktari alifika saa tano akiwa na viatu mkononi. Kinyozi amepasuliwa leo, wamemwekea chuma. Usiku huu atakuwa na maumivu kuliko siku zote. Ameniambia kabla ya kuingia, "Nikifa, binti, waambie wanikate nywele vizuri, wasinipe yule mwanafunzi wangu wa zamani, ana mkono mzito."

Jumanne, 3 Novemba

Nimefika mahali ambapo sikujua kwamba pako.

Tangu siku ile nilikuwa nimejiambia kwamba ile ya mfukoni haitatokea tena, na kweli haikutokea. Leo asubuhi daktari aliandika kinyozi apewe kichupa kizima badala ya nusu, kwa sababu ya chuma. Hapakuwa na nusu ya kumwaga. Nilisimama mbele ya kabati nikaona kwamba nimekasirika. Nilimkasirikia mzee mwenye chuma kwenye nyonga kwa sababu hakunibakishia kitu.

Kisha mkono wangu ukaanza kuvuta dawa, na akili yangu ikaanza kusema, kwa sauti ya upole, sauti yangu mwenyewe ninayotumia na wagonjwa: mzee huyu anazidisha malalamiko. Hata nusu inamtosha. Jana alikuwa akicheka. Nikavuta nusu. Kichupa chenye nusu nyingine nikakiacha kwenye trei nyuma ya pamba, nikatembea hadi kitanda cha sita.

Alikuwa amefumba macho na jasho lilikuwa linamtoka nyuma ya masikio. Hakuwa na mzaha hata mmoja. Akanyoosha mkono bila kutazama, akasema, "Choma, binti yangu. Wewe nakuamini."

Nilisimama. Sijui ni Roho Mtakatifu au ni hofu tu, na leo sioni tofauti yao. Nikasema, "Nisamehe, babu, nimesahau kitu," nikarudi karibu kwa kukimbia, nikaijaza sindano yote, nikarudi nikamchoma. Baada ya robo saa akalala na mdomo wazi.

Ile ya kwanza ningejiibia mimi mwenyewe. Hii ningemwibia mtu nafuu yake, nimwachie maumivu, nichukue usingizi wake. Na ningefanya. Sijasema "karibu nifanye." Nilishatembea hatua zote hadi kitandani.

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni, saa kumi na mbili jioni, naandika. Kesho nitakwenda kwa Metroni. Nikisubiri hadi keshokutwa sitakwenda.

Jumatano, 4 Novemba

Metroni ana ofisi ndogo yenye dirisha linalotazama jengo la kufulia. Kila mtu anamwogopa, na mimi nilimwogopa miaka yote tisa. Nilifunga mlango nikaweka funguo mezani.

"Naomba uzichukue."

"Umechoka?"

"Naiba dawa."

Akacheka. Nilijua atacheka. "Mama Maombi, leo si tarehe moja Aprili."

Basi nikamwambia kwa vipimo, kama tunavyoandika ripoti. Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, saa nane na dakika kumi, nusu kichupa, mfuko wa kulia, nimeipeleka nyumbani, nimeimwaga bafuni. Jana, saa tatu asubuhi, kitanda cha sita, nimevuta nusu ya kipimo, nimefika nayo kitandani, nimerudi. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Akainuka, akalifunga na dirisha.

"Umejichoma?"

"Hapana."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Sasa umekuja kukiri nini?"

"Nimekuja kabla, Metroni. Baadaye sitakuja. Baadaye nitakuwa nimejifunza kudanganya vizuri, na ninyi nyote mtaniamini."

Nilitegemea anifukuze. Akauliza juu ya sahihi za shahidi. Hapo nilisita, kwa sababu ya Mrefu. Nilisema, "Ziliwekwa kabla." Hakuuliza na nani. Sahihi inajulikana.

Ameandika barua mbili. Yangu itakaa kwenye faili langu. Siruhusiwi kushika funguo wala kuingia chumba cha ndani peke yangu. Na kila siku kabla ya kutoka nitapita ofisini kwake, nigeuze mifuko ya sare mbele yake. Aliliongeza hilo mwishoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Mimi nilitaka kumbusu mkono.

Nje, kwenye ubaraza, nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri, katikati ya watu wenye tikiti, nikaogopa vibaya sana. Nimelimwaga jina langu lote kwenye sinki asubuhi moja.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anapiga randa ubao. Aliacha.

"Ile siku ya bafuni?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nje ya mlango nakutania."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya vumbi la mbao. Sijawahi kumwona akiogopa. Ni mtu aliyewahi kukatwa kidole na msumeno akauliza tu kiko wapi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema unaniamini."

Baadaye alichukua bisibisi akaondoa kitasa cha bafuni. Sasa mlango unafungwa kwa kamba ya kiatu. Ni jambo la kuchekesha na hatukucheka.

Jumatatu, 9 Novemba

Wodi nzima inajua. Wameacha kuniita Mama Maombi, wananiita "sista," kama mgeni. Mrefu amepata barua ya onyo. Akinipa mkasi anauweka mezani nami nauokota.

Jumatano, 11 Novemba

Maombi yameongozwa na mtu wa maabara. Amesahau kumwombea mtu yeyote kwa jina. Nilisimama nyuma.

Jumapili, 15 Novemba

Mchungaji alikuja nyumbani. Alikunywa chai vikombe viwili bila kusema kitu cha maana, kisha akasema ni vizuri nipumzike kuongoza maombi kanisani kwa muda. Nikasema sawa. Mlangoni alirudi nyuma hatua moja. "Siku ile ofisini," akasema, "ulikuwa unaniambia hili?" Nikasema ndiyo. Akakunja mwavuli wake ingawa mvua ilikuwa inanyesha, akaondoka akilowa.

Jumanne, 17 Novemba

Kinyozi ametoka. Anatembea na magongo mawili na kelele nyingi. Nilitaka kumwambia habari ya siku ile ya nusu. Nilipoanza akanikatiza: "Ulirudi, si ulirudi? Mimi nilisikia viatu vyako vikirudi. Basi." Alikuwa macho wakati ule wote.

Jumamosi, 21 Novemba

Bado naitamani. Naandika ili nisidanganyike. Nikisikia kioo cha kichupa kikivunjwa shingo chumba cha ndani, mate yananijaa mdomoni. Nilidhani ukishakiri inaondoka. Haijaondoka, imebaki kule ndani, nami niko huku nje, na kati yetu kuna mlango ambao sina ufunguo wake. Hizo ndizo nguvu zangu zote.

Jumatano, 25 Novemba

Mrefu amezungumza. Tulikuwa tunakunja shuka, sehemu ileile.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuambia. Ulicheka."

Akakunja shuka moja, akakunja ya pili. "Ndiyo," akasema. "Nilicheka." Kisha akasema barua ya onyo imemfanya awe mtu mzito, hata ndugu zake wanashangaa kwamba siku hizi anamaliza chakula bila kusimulia kitu. Ilikuwa nusu ya mzaha. Nimeipokea.

Ijumaa, 27 Novemba

Leo basi limepinduka kwenye tope. Wametuletea watu kumi na mmoja kwa mpigo, na wodi ikawa soko. Saa tisa Mrefu, ambaye Metroni alikuwa amempa funguo kwa dharura ile, alitoka mbio chumba cha ndani na trei ya sindano, na nilipopita niliona mlango wa chumba uko wazi, na kabati liko wazi, na funguo zinaning'inia. Hakukuwa na mtu. Ningenyoosha mkono tu.

Sikusimama kidete. Nilikimbia. Nilikwenda hadi mwisho wa wodi kwa mama aliyevunjika mkono, nikamshika ule mzima kwa nguvu hadi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwita Mrefu kwa kelele, kutoka huko, mbele ya watu wote: "Kabati! Kafunge kabati!" Akageuka, akanitazama, akaelewa, akakimbia.

Saa kumi na mbili nilikwenda ofisini kwa Metroni. Alikuwa amevua viatu, miguu imevimba, anasaini makaratasi ya waliofariki. Wawili wamefariki. Hakuinua kichwa. "Nenda nyumbani," akasema. "Nimesikia ulivyofanya leo. Leo huna haja ya mifuko. Nakuamini."

Lilikuwa neno nililolililia wiki tatu. Na lilipotoka, kitu ndani yangu kikainuka kutoka mahali kilipokuwa kimelala, kikajinyoosha, kikasema kwa ile sauti yangu ya upole: vizuri. Tumeaminiwa tena.

Nilikuwa nimeshika kitasa tayari.

Nikarudi hadi mezani. "Metroni, tafadhali. Usiniamini."

Akainua kichwa. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alivaa viatu vyake, akasimama, akaja upande wangu wa meza. Nikageuza mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, kisha ule mdogo wa kifuani. Leso, kalamu, pini mbili. Akavitazama kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji.

"Hamna kitu," akasema.

"Leo hamna," nikasema. "Kesho unitazame tena."